Shule ya mtaa, shule ya magneti au wilaya jirani: ulinganisho kwa mzazi aliyeko Marekani

Mzazi anayefika Marekani kutoka Bukavu, Kigoma, Mombasa au Bujumbura huambiwa mapema kwamba shule ya umma ni bure na mtoto hakataliwi. Ni kweli. Tangu hukumu ya Plyler dhidi ya Doe ya mwaka 1982, hata mtoto asiye na karatasi za ukaazi lazima aandikishwe. Ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba shule hizo za bure hazilingani hata kidogo, na kwamba katika miji mingi mzazi anaruhusiwa kuchagua. Familia inapata nyumba, mtoto anaandikishwa shule iliyo jirani, na bahasha yenye maelezo ya njia nyingine inabaki juu ya friji kwa sababu imeandikwa kwa Kiingereza.

Hapa nalinganisha njia tatu ambazo serikali, iwe ya Washington au ya jimbo, imeziwekea pesa ili watoto wa maskini na watoto Weusi wasitengwe katika shule zilizosahaulika: shule ya mtaa inayopewa pesa za nyongeza, shule ya magneti (ya umma, yenye somo maalumu la kuwavuta watoto wa mitaa tofauti), na mpango wa kumpeleka mtoto kusoma wilaya jirani. Nitasema mapema ninakoegemea. Kwa mtoto mdogo, naamini shule yenye watoto wa kila hali, wenye nacho na wasio nacho, inamfaa kuliko shule ya maskini watupu hata ikiongezewa pesa. Kwa kijana aliyefika juzi akiwa na miaka 15 na Kiingereza bado hakijakaa, jibu langu ni jingine. Na kwa wote wawili, swali la kwanza la kuuliza ni hili: basi linalipiwa na nani, na kwa muda gani?

Kwa nini shule za bure hazilingani

Shule za Marekani haziongozwi kutoka wizara moja kama tulivyozoea nyumbani. Kuna wilaya za elimu zaidi ya 13,000, kila moja na bodi yake, na kwa wastani karibu asilimia 45 ya pesa zake hutoka palepale ilipo, hasa kwenye kodi ya majengo. Penye nyumba za thamani pana maabara na walimu wa muziki. Penye vyumba vya kupanga na viwanda vilivyofungwa, mwalimu ananunua chaki kwa mshahara wake.

Mwaka 1954, katika kesi ya Brown, Mahakama ya Juu ilipiga marufuku sheria za kuwatenga watoto shuleni kwa rangi. Lakini hukumu mbili za baadaye ziliifunga mikono. Mwaka 1973, katika kesi ya San Antonio dhidi ya Rodriguez, majaji 5 dhidi ya 4 walisema Katiba ya Marekani haidai wilaya zilingane kwa pesa. Mwaka uliofuata, katika Milliken dhidi ya Bradley, tena 5 kwa 4, walisema vitongoji vinavyouzunguka mji wa Detroit haviwezi kulazimishwa kushiriki katika kuwachanganya watoto ikiwa havikuthibitika kusababisha utengano. Tangu hapo mpaka wa wilaya unafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na sheria ya ubaguzi. Ukivuka barabara moja tu, upande wa pili kuna bodi nyingine, kodi nyingine, na watoto wa rangi nyingine. Mwaka 2019 shirika la EdBuild lilihesabu kwamba wilaya zenye wanafunzi wengi wasio Wazungu zilipata dola bilioni 23 pungufu kwa mwaka kuliko zile zenye Wazungu wengi, ingawa idadi ya wanafunzi pande zote mbili ilikuwa karibu sawa.

Kwa kuwa kulazimisha kumekuwa kugumu, serikali zimebaki na njia ya kuvutia kwa pesa. Ndizo njia tatu hizi.

Shule ya mtaa yenye pesa za Title I

Title I ndiyo kapu kubwa kuliko yote. Ilianzishwa na sheria ya elimu ya mwaka 1965 chini ya Rais Lyndon Johnson, na mwaka wa bajeti 2024 ilikuwa na takriban dola bilioni 18.4. Pesa hizi hugawiwa kwa kufuata umaskini. Shule ambayo angalau asilimia 40 ya watoto wake ni wa familia maskini inaweza kuzitumia kwa shule nzima: walimu wa kusoma, wasaidizi wa darasani, masomo ya jioni, mtu wa kuwasiliana na wazazi.

Tuwe waadilifu kwa njia hii, maana kuna wanaoibeza. Pesa shuleni zina kazi. Mwaka 2016 wachumi Kirabo Jackson, Rucker Johnson na Claudia Persico walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba matumizi kwa kila mwanafunzi yakiongezwa kwa asilimia 10 kwa miaka yote 12 ya shule, mtoto wa familia maskini akiwa mtu mzima hupata kipato kikubwa zaidi kwa karibu asilimia 10. Hilo si jambo dogo. Na kwa familia mpya, shule ya mtaa ina faida ambazo hazipimwi kwa mtihani: mtoto anatembea kwa miguu, mama anaweza kufika anapoitwa, na mara nyingi kuna watoto wengine wanaozungumza Kiswahili, Kinyarwanda au Kifulero darasani. Shule iliyozoea wageni inajua kwamba mtoto kutoka kambi ya Nyarugusu aliyenyamaza miezi mitatu si mzito wa akili, anasikiliza.

Ila pesa za Title I hazibadilishi anayeketi karibu na mtoto wako. Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna mahali ambapo pesa za nyongeza na kuwachanganya watoto vilishindanishwa uso kwa uso.

Kaunti ya Montgomery, katika jimbo la Maryland, inapakana na Washington. Tangu miaka ya 1970 sheria yake inawataka wajenzi wa mitaa mipya watenge sehemu ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini, na mamlaka ya nyumba ya kaunti inaweza kununua baadhi yake ipangishe familia maskini. Kwa hiyo unakuta mama anayefanya usafi hospitalini akiishi mtaa mmoja na daktari. Familia hazikujichagulia mtaa. Ziligawiwa kwa bahati nasibu. Wengine waliangukia mitaa ambayo shule zake zina maskini wachache, wengine mitaa ambayo shule zina maskini wengi. Na kuanzia mwaka 2000 kaunti iliamua kuzipa zile za maskini wengi pesa zaidi, karibu dola 2,000 za ziada kwa kila mtoto: chekechea ya siku nzima, madarasa madogo, mafunzo ya walimu.

Mtafiti Heather Schwartz alifuatilia watoto wapatao 850 wa nyumba hizo kati ya 2001 na 2007. Ripoti yake ya 2010 inasema watoto maskini waliosoma shule zenye maskini wachache, zisizo na nyongeza ile, waliwapita wenzao waliosoma shule zilizomwagiwa pesa. Hadi wanamaliza shule ya msingi walikuwa wameziba nusu ya pengo la hesabu kati yao na watoto wasio maskini, na theluthi moja ya pengo la kusoma. Haikutokea mwaka wa kwanza, ilichukua muda, na ndiyo sababu nasisitiza umri: mtoto anayeanza chekechea ana miaka ya kuvuna hilo, kijana wa sekondari hana.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Shule ya mtaa yenye pesa za Title I si shule mbaya, na mzazi asione aibu kumwacha mtoto hapo. Lakini ikiwa mji wako una nafasi katika shule ya mchanganyiko, usibaki hapo kwa kutojua tu.

Shule ya magneti

Hii ni shule ya umma yenye somo au mbinu maalumu, inayofunguliwa ili kuwavuta watoto wa mitaa tofauti waje kwa hiari. Pesa za Washington kwa kazi hii zina historia ya kupanda na kushuka. Sheria ya msaada wa dharura kwa shule ya 1972 ilizipa pesa wilaya zilizokuwa zikivunja utengano, na mwaka 1976 magneti zikaongezwa humo. Mwaka 1981, chini ya Reagan, programu hiyo ilivunjwa na pesa zake kuchanganywa na nyingine. Mwaka 1984 Bunge likaanzisha programu ya msaada kwa shule za magneti, ambayo ipo hadi leo. Mwaka wa bajeti 2024 ilipewa dola milioni 139.

Linganisha namba hizo: bilioni 18.4 kwa Title I, milioni 139 kwa magneti. Kwa kila dola moja inayotolewa kuwachanganya watoto, zaidi ya dola 130 zinatolewa kuzisaidia shule kubeba umaskini palepale ulipo. Hata shule za charter, yaani za umma zinazojiendesha zenyewe, zilipata mara tatu ya magneti, dola milioni 440. Mimi hilo linaniuma, kwa sababu ushahidi wa Montgomery umekuwa mezani tangu 2010. Yamejaribiwa mengine pia. Mwishoni mwa 2016 serikali ya Obama ilitangaza ruzuku ya dola milioni 12 kwa wilaya zitakazopanga kuchanganya watoto kwa kipato. Machi 2017 serikali mpya iliifuta kabla haijagawiwa. Rais Biden aliomba dola milioni 100 kwa kazi hiyohiyo, na kilichopatikana mwaka 2023 kilikuwa sehemu ndogo tu ya ombi.

Kwa mzazi, maana yake ni moja: magneti nzuri zipo, ila ni chache, na uhai wa baadhi yake unategemea ruzuku. Ruzuku ya Washington hudumu hadi miaka 5 na haizidi dola milioni 15. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilisitisha ruzuku za magneti za New York, Chicago na Fairfax katikati ya safari kwa sababu ya mzozo kuhusu sera za wilaya hizo. Kabla ya kumwandikisha mtoto, uliza kama shule inaendeshwa kwa pesa za kudumu za jimbo na wilaya, au kwa ruzuku inayokwisha.

Mahali ninapopaheshimu zaidi ni Hartford, Connecticut. Mwaka 1989 Elizabeth Horton Sheff alifungua kesi pamoja na wazazi wengine kwa niaba ya watoto wao, akiwemo mwanawe Milo aliyekuwa darasa la nne. Hawakwenda na Katiba ya Marekani, ambayo Milliken ilikuwa imeifunga. Walikwenda na katiba ya jimbo. Mwaka 1996 mahakama ya juu ya jimbo iliwapa haki kwa kura 4 dhidi ya 3. Matunda yake ni shule nyingi za magneti zinazopokea watoto wa mjini na wa vitongoji kwa pamoja, kwa pesa za jimbo. Ipo inayofundisha uhandisi wa anga, ipo ya sanaa, zipo za lugha. Mzungu wa kitongoji anamleta mtoto wake huko kwa sababu anataka hiyo maabara, na mtoto wa Hartford anaketi naye kiti kwa kiti.

Haikwenda sawa kila wakati. Kwa miaka kadhaa shule hizo zilidaiwa kutozidisha kiwango fulani cha watoto Weusi na Walatino, na matokeo yake viti vingine vilibaki vitupu huku watoto Weusi wa Hartford wakiwa kwenye orodha ya kusubiri. Wazazi walishtaki, na makubaliano ya 2020 yakaelekeza kuangalia hali ya kiuchumi badala ya rangi. Kesi yenyewe ilifikia makubaliano makubwa Januari 2022, miaka zaidi ya 30 tangu ifunguliwe.

Hapo inafaa ujue hukumu nyingine, maana inagusa fomu utakayojaza. Juni 2007, katika kesi iliyohusu Seattle na Louisville, Mahakama ya Juu ilikataza wilaya kumpangia mtoto mmojammoja shule kwa kigezo cha rangi yake. Tangu hapo wilaya zinazotaka mchanganyiko huangalia kipato cha familia, elimu ya wazazi, na mtaa anakotoka mtoto. Cambridge, Massachusetts, ilianza kuchanganya kwa rangi mwaka 1981, lakini kabla hata ya hukumu hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilihamia kwenye kipato, ikitumia kigezo cha nani anastahili chakula cha shule cha bure au cha nusu bei.

Ndiyo sababu ile fomu ya chakula ina uzito kuliko inavyoonekana. Ni karatasi moja: unaandika majina ya wote wanaoishi nyumbani, kipato cha kila mmoja na kila baada ya muda gani analipwa, tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, au unatia alama kwamba huna namba hiyo. Haiulizi uraia. Kipato kikiwa chini ya asilimia 130 ya mstari wa umaskini, chakula ni bure. Hadi asilimia 185, ni bei ya chini. Wazazi wengi huiacha kwa sababu chakula tayari ni bure kwa wote katika shule nyingi, au kwa kuogopa kuandika kipato. Lakini wilaya nyingi huhesabu umaskini wa shule kwa taarifa hiyo, au kwa fomu nyingine ya kipato inayofanana nayo, na mahali kama Cambridge nafasi yenyewe ya mtoto hupangwa kwa kipato. Ijaze.

Jambo la mwisho kuhusu magneti ni kutazama ndani. Zipo zinazochagua kwa mtihani au majaribio ya kipaji, na hizo mtoto mgeni atashindwa mlangoni. Tafuta za bahati nasibu. Tena zipo magneti zilizowekwa ndani ya shule ya kawaida: ghorofa ya juu ni darasa maalumu lililojaa watoto wa wenye uwezo, ghorofa ya chini ni watoto wa mtaa, na jumla ya namba inasomeka vizuri kwenye tovuti. Siku ya kutembelea shule, usiishie ofisini. Omba kuingia darasa la hesabu la kiwango cha juu na darasa la kawaida, kisha nenda bwalo la chakula saa ya mchana uone nani anakula na nani.

Kuvuka mpaka: METCO na Open Choice

Njia ya tatu haijengi shule mpya. Inampandisha mtoto wa mjini basi hadi shule ya kitongoji chenye pesa. METCO ya Boston ilianza mwaka 1966, ikiwa kazi ya wazazi Weusi na wanaharakati kama Ruth Batson waliochoka kuisubiri bodi ya shule ya Boston. Walianza na watoto 220 katika wilaya saba. Leo ni zaidi ya 3,000 katika wilaya zaidi ya 30, na jimbo la Massachusetts linatoa karibu dola milioni 30 kwa mwaka. Zamani wazazi walimwandikisha mtoto kwenye orodha akiwa mchanga. Sasa ni bahati nasibu, jambo lililo afadhali sana kwa familia iliyofika mwaka jana. Upande wa Hartford, mpango unaofanana unaitwa Open Choice, na kwa miaka mingi jimbo lililipa wilaya inayopokea kati ya dola 3,000 na 8,000 kwa mtoto, kiwango kikipanda kadiri wilaya inavyopokea watoto wengi. Huo ni utaratibu wa akili: wilaya inalipwa zaidi kwa kufungua mlango zaidi.

Kwa masomo, hapa ndipo penye nguvu. Wachumi Joshua Angrist na Kevin Lang walionyesha mwaka 2004 kwamba watoto wa vitongoji hawakurudi nyuma kimasomo kwa kupokea wenzao wa Boston, hoja ambayo wapinzani walikuwa wakiishikia bango. Na utafiti wa Elizabeth Setren uliotoka miaka ya karibuni uliwalinganisha walioomba METCO wakapata na walioomba wakakosa: waliopata walifanya vizuri zaidi katika mitihani, walimaliza shule na kuingia vyuo vikuu kwa wingi zaidi.

Gharama yake anaibeba mtoto. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Januari, mtoto wa miaka minane yuko kituoni Dorchester, mtaa wa Boston, akiwa na koti zito, na nyumbani atarudi giza limeshaingia ikiwa ana mpira au mazoezi ya muziki. Darasani anaweza kuwa Mweusi peke yake, na peke yake asiye na Kiingereza cha nyumbani. Akiugua saa nne asubuhi, mama asiye na gari atamfikiaje? METCO huwa na familia za kitongoji zinazojitolea kumpokea mtoto nyumbani kwao, na kuna wafanyakazi wa programu ndani ya shule. Kabla ya kukubali nafasi omba kuongea nao wote wawili. Mtoto jasiri, mwenye Kiingereza cha kutosha kujitetea uwanjani, atafaidika. Mtoto mwenye kunyong'onyea akiwa mbali na nduguze, ningempeleka magneti ya mjini kwanza.

Basi

Nimesema basi ndilo swali la kwanza, na Louisville, Kentucky, ndiyo sababu. Wasomaji wengi wanaufahamu mji huo: una Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu wengi, na Kiswahili kinasikika kwenye korido za shule zake. Baada ya hukumu ya 2007, wilaya ya Jefferson, inayosimamia shule za mji huo, iliendelea kuchanganya watoto kwa kipato, elimu na muundo wa mitaa. Mzigo wa safari ndefu uliwaangukia zaidi watoto Weusi wa upande wa magharibi, na mwaka 2022 bodi ikawaruhusu kuchagua shule ya karibu. Agosti 2023, siku ya kwanza ya kufungua, ratiba mpya ya mabasi ilivurugika hata watoto wa mwisho wakashushwa karibu saa nne usiku, na shule zikafungwa kwa siku kadhaa. Madereva hawakutosha. Kuanzia Agosti 2024 wilaya ikaondoa usafiri kwa karibu shule zote za magneti. Chache tu zilirudishiwa baadaye.

Fikiria maana yake. Nafasi ya mtoto haikufutwa. Jina lake bado liko kwenye orodha ya shule nzuri. Ila baba anaingia kiwandani saa kumi na mbili asubuhi na gari ni moja, kwa hiyo mtoto anarudi shule ya mtaa. Mwenye magari mawili anabaki. Shule iliyofunguliwa kwa ajili ya kuchanganya inaanza kuchuja kwa uwezo wa usafiri.

Washington nayo ina lawama. Tangu katikati ya miaka ya 1970, wakati wa mzozo mkali kuhusu kuwachanganya watoto kwa mabasi, sheria ilizuia pesa za serikali kuu kulipia mabasi ya kuchanganya watoto kwa rangi. Katazo la mwisho la namna hiyo liliondolewa mwishoni mwa 2020. Ruzuku ya magneti iliruhusiwa kugusa usafiri kwa sheria ya 2015 tu, na kwa sehemu ndogo. Yaani kwa karibu miaka 40 serikali ililipia shule ya kuvutia watoto na ikakataa kulipia njia ya kufika.

Kwa kigezo hiki, mipango ya majimbo ndiyo salama zaidi. Hartford na METCO usafiri uko ndani ya mpango wenyewe. Magneti za wilaya ziko katikati: uliza kwa maandishi kama basi limehakikishwa hadi mtoto amalize shule hiyo. Shule ya mtaa haina tatizo hilo.

Kuhama, kwa anayeweza

Wapo watakaosema, si bora kuhama tu? Kwa mwenye kupata nyumba, ndiyo. Katika jaribio la serikali lililoanza 1994 katika miji mitano, familia za nyumba za umma zilipewa vocha za kulipia pango ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Raj Chetty na wenzake waligundua baadaye kwamba watoto waliohama kabla ya miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 31. Waliohama wakiwa wakubwa hawakufaidika hivyo. Lakini foleni za vocha ni za miaka, na kodi ya nyumba katika kitongoji kizuri itammaliza mtu mwenye kazi ya ghala.

Ningechagua hivi

Mtoto wa chekechea hadi darasa la tatu: omba magneti ya bahati nasibu yenye basi, na mpango wa wilaya jirani pia ikiwa upo. Kuomba zote hakuna ada, na kuitwa si lazima kukubali. Mtoto wa darasa la nne hadi la sita anayesoma Kiingereza vizuri: vilevile, ila tazama kwa makini umbali na tabia yake. Kijana aliyefika karibuni: kwanza shule yenye walimu wa kutosha wa kufundisha Kiingereza kwa wageni, hata kama ni ya mtaa. Louisville kuna Newcomer Academy kwa ajili hiyo, na wilaya nyingine zina madarasa ya namna hiyo. Kijana wa miaka 16 akiwekwa shule ya kifahari isiyowahi kumpokea mgeni anaweza kukosa alama za kuhitimu kabla hajaelewa wanasema nini. Ahamie baadaye.

Haki ya kusaidiwa lugha haiishi kwa kuchagua magneti au kitongoji. Hukumu ya Lau dhidi ya Nichols ya 1974 inataka kila wilaya inayopokea pesa za serikali kuu imsaidie mtoto asiyejua Kiingereza, na shule inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Sema wazi, "Nahitaji mkalimani wa Kiswahili," na usikubali mtoto wako mwenyewe awe mkalimani wa mkutano unaomhusu.

Miji mingi hupokea maombi kati ya majira ya vuli na mwisho wa baridi kwa ajili ya shule zitakazofunguliwa Agosti au Septemba. Anayechelewa huingia orodha ya kusubiri, na orodha hiyo husogea hadi wiki za kwanza za muhula, kwa hiyo aliyefika Juni aombe vilevile. Andaa cheti cha kuzaliwa au hati inayokubaliwa badala yake, rekodi ya chanjo, na uthibitisho wa anuani. Ukihama nyumba baada ya kuomba, piga simu siku hiyohiyo ubadilishe anuani, maana barua ya nafasi huwa na tarehe ya mwisho ya kujibu, na nafasi isiyojibiwa hupewa mtoto anayefuata.